Mwale Mmoja, Njia Mbili: Uhakiki wa Fani ya Fuwele Inayopasua Mwanga

Chukua kipande cha jiwe la matale kutoka vilima vinavyouzunguka mji wa Tabora. Kikatwe, kisagwe mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03, kisha kigandishwe juu ya kioo. Kwa unene huo mwanga unapenya. Ukikitazama kwa hadubini ya kawaida utaona chembe angavu zisizo na rangi, na hapa na pale vigamba vya kahawia vya ulanga mweusi. Sasa weka kichujio kimoja cha mwanga chini ya jiwe na kingine juu yake, vikiwa vimekingamana kwa nyuzi 90. Chembe zilizokuwa kimya zinavaa rangi. Kwatsi inakuwa ya kijivu au nyeupe, feldispa inaonyesha mistari iliyojificha ndani yake, ulanga unawaka. Zungusha meza ya hadubini, na kila chembe yenye rangi itazima na kuwaka tena mara nne katika mzunguko mmoja. Jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni fani ya kulisoma.

Makala hii inaihakiki fani hiyo. Ina sehemu tatu tu: kichujio cha kwanza, ambacho wataalamu hukiita polaraiza, fuwele, na kichujio cha pili, analaiza. Wanajiolojia wa Tanganyika waliitumia tangu Idara ya Jiolojia ilipoweka makao Dodoma katika miaka ya 1920, katika nchi ya Ugogo ambayo misafara kutoka Bagamoyo iliikatiza kabla ya kuingia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji. Warithi wao wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini wangali Dodoma. Kwingineko duniani fani hiyo imekuzwa ikawa chombo cha kubebwa na ndege au setilaiti: spektromita ya picha inayofanya kazi kwa mwingiliano wa mawimbi ya mwanga, ambayo moyo wake ni bamba mbili za kalsaiti zilizobandikwa pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong nchini China ni miongoni mwa walioiendeleza sana katika karne hii.

Hoja yangu ni kwamba katika fani hii kupasua ndiyo kazi ndogo. Thamani iko katika namna vipande vinavyorudishwa pamoja, na maana haimo katika kipande chochote kati ya viwili hivyo bali katika tofauti yao. Naisema kwa sababu uhakiki tunaoufundisha umezoea kuishia njiani. Mwanafunzi wa kidato cha sita huelekezwa kuigawa kazi ya fasihi mafungu mawili: huku fani, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kule maudhui, yaani dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Mafungu yanajazwa, alama zinatolewa. Ni nadra mtahini kuuliza swali la tatu: mafungu haya yakikutanishwa tena, yanazaa nini ambacho hakuna fungu lililokuwa nacho? Kwa fuwele, hilo ndilo swali pekee lenye jibu.

Mawe yasiyopasua

Si kila kilicho angavu kinaweza kukaa katikati ya vichujio viwili na kusema neno. Njia ya misafara inatupa mifano mizuri ya kushindwa.

Magharibi ya Tabora, karibu na mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, zipo chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Waakiolojia waliochimba hapo katika miaka ya 1960 walikuta kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi tangu milenia ya kwanza, na katika karne ya 19 chumvi hiyo ilisafiri na wachukuzi kwenda pande zote za Unyamwezi na Ziwa Tanganyika. Punje yake ni fuwele kamili, yenye umbo la mchemraba. Iweke katikati ya vichujio vilivyokingamana: giza. Kaskazini, Mwadui katika Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kuna fuwele maarufu kuliko zote. Almasi safi nayo: giza. Kutoka pwani zilipanda shanga za kioo, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice, ambazo misafara ilizibeba kama fedha ya njiani. Samesame nyekundu zilipendwa nchi hii, nyeupe nchi ile, na kiongozi aliyekosea rangi alikwama. Kioo kilichopozwa vizuri nacho huacha giza palepale.

Matokeo ni yale yale, lakini sababu zinapingana. Katika chumvi na almasi atomu zimepangwa kwa usawa mkamilifu katika pande tatu, kwa hiyo mwanga hukuta mwendo ule ule uteteme upande wowote. Katika kioo atomu hazina mpangilio wa mbali kabisa, na wastani wa fujo hiyo pia ni usawa. Chumvi imenyamaza kwa kupangika kupita kiasi, kioo kimenyamaza kwa kutopangika. Ili mwanga upasuke panatakiwa kitu cha tatu: mpangilio usio sawa, wenye angalau mhimili mmoja unaotofautiana na pande nyingine. Kwatsi iliyomo katika matale ya Tabora inao. Mhakiki wa fani ataikumbuka kanuni hii hata nje ya maabara, kwa sababu kuna tungo zilizosawazishwa mpaka hazina la kusema, na kuna tungo zilizotawanyika mpaka hazina la kusema, na macho ya haraka huzichanganya.

Nguvu ya kupasua

Mwaka 1669 Erasmus Bartholin wa Copenhagen aliandika kuhusu jiwe angavu la kalsaiti kutoka Iceland. Ukipiga nukta kwenye karatasi na kuliweka jiwe juu yake, unaona nukta mbili. Ukilizungusha, nukta moja inatulia na nyingine inaizunguka. Nukta inayotulia inaletwa na mwale wa kawaida, unaofuata sheria ya kupinda inayofundishwa shuleni. Inayozunguka inaletwa na mwale usio wa kawaida, ambao hukengeuka hata pale mwanga unapoingia wima. Ilichukua zaidi ya karne moja kuelewa kwamba miale hiyo miwili inatofautiana kwa upande wa mtetemo: mmoja ukitetema kwa wima, mwenzake hutetema kwa mlalo.

Kiasi cha kutofautiana kinapimika. Kwa mwanga wa njano, fahirisi ya kupinda ya kalsaiti ni 1.658 kwa mwale wa kawaida na 1.486 kwa usio wa kawaida. Tofauti ni 0.172. Kwa kwatsi namba hizo ni 1.544 na 1.553, tofauti 0.009 tu. Bamba la kalsaiti lenye unene wa milimita 10, likikatwa ili mhimili wake uelekee nyuzi 45 kutoka usoni, husogeza mwale mmoja kando kwa milimita 1.09 hivi. Bamba la kwatsi la unene huo huo husogeza kwa milimita 0.06 hivi. Ndiyo maana kwatsi, ijapokuwa imejaa kila kilima cha Unyamwezi, haichaguliwi kwa kazi inayohitaji miale iachane sana.

Msomaji anaweza kudhani basi kwamba nguvu ya kupasua ndiyo kipimo cha ubora. Hapana. Rudi kwenye kipande chembamba cha jiwe. Kwatsi yenye unene wa milimita 0.03 inachelewesha mwale mmoja nyuma ya mwenzake kwa nanomita 270 hivi. Kiasi hicho ni kidogo, na kinatoa kijivu cheupe ambacho mwanajiolojia anakitambua mara moja. Kwenye chati ya rangi iliyotolewa na Mfaransa Auguste Michel-Lévy mwaka 1888, kila ucheleweshaji una rangi yake: kijivu, njano, nyekundu, buluu, kisha mzunguko unaanza tena ukiwa umefifia zaidi. Sasa badala ya kwatsi weka kalsaiti ya unene ule ule. Ucheleweshaji unafika nanomita 5,160. Ungetegemea rangi kali kupita zote, lakini unachokiona ni weupe uliopauka. Ucheleweshaji ukiwa mkubwa hivyo, rangi nyingi hufutwa kwa wakati mmoja na nyingi hupitishwa kwa wakati mmoja, zimepishana kama meno ya kitana, na jicho linazijumlisha zote kuwa weupe. Habari ipo tele, ila imejumlishwa. Tatizo si la jiwe. Ni la msomaji anayepewa namba moja tu, jumla, na kutakiwa kubuni orodha nzima iliyoizaa.

Vichujio viwili, kazi mbili tofauti

Polaraiza huonekana kama mlango tu. Kazi yake hasa ni kuhakikisha asili moja. Mwanga wa jua hutetema kila upande bila mpango, na ukiingia kwenye kalsaiti moja kwa moja, mtetemo wa wima na wa mlalo haina uhusiano wa kudumu. Miale miwili itatoka, lakini kila mmoja na habari zake. Kuilinganisha ni kulinganisha mashahidi waliokuwa mahali tofauti. Polaraiza huuruhusu mtetemo mmoja tu upite, ukiwa umeinama nyuzi 45 kati ya pande mbili za fuwele, ili fuwele ikiupasua kila mwale uchukue nusu iliyo sawa na nusu ya mwenzake, na yote miwili ikumbuke chanzo kimoja. Ukiilaza polaraiza sambamba na upande mmoja wa fuwele, hakuna kinachopasuka: mwanga wote unafuata njia moja. Hiyo ndiyo siri ya chembe kuzima mara nne kwenye meza ya hadubini inayozungushwa. Pembe ya kuingia ni sehemu ya fani.

Kichujio cha pili ndicho wengi wanachokiruka wanapoieleza mashine hii, na ndicho ninachokipa uzito mkubwa. Augustin Fresnel na François Arago walionyesha, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1819, kwamba miale miwili inayotetema kwa kukingamana haiwezi kuimarishana wala kufutana, hata kama ina asili moja. Inapita pamoja, mmoja juu ya mwingine, bila kuathiriana. Ukiweka kamera hapo, nyuma ya fuwele, utapata picha yenye mwanga wa kawaida isiyo na alama hata moja ya kilichotokea ndani ya jiwe. Upasuaji umefanyika, ucheleweshaji upo, na hakuna anayeweza kuusoma.

Analaiza, ikiwa imeinama nyuzi 45 kati ya miale miwili, huchukua sehemu ya kila mmoja na kuitetemesha upande mmoja. Sasa ndipo inaposikilizana. Analaiza ikiwa sambamba na polaraiza, pale ambapo mwale mmoja umechelewa kwa mawimbi kamili, inaongezana. Pale ulipochelewa kwa nusu wimbi, inafutana; vichujio vikikingamana, kama kwenye hadubini, mambo hugeuka. Analaiza haiongezi kitu chochote kwenye mwanga; kwa hakika inaupunguza. Inachofanya ni kuipeleka tofauti mahali inapoweza kuonekana. Uhakiki wa mafungu mawili nilioanza nao una polaraiza na una fuwele. Hauna analaiza.

Bamba mbili za Savart

Sasa tufike kwenye umbo lililokomaa. Félix Savart, Mfaransa aliyeishi kati ya 1791 na 1841, anakumbukwa kwa bamba lililopewa jina lake. Ni bamba mbili za kalsaiti zenye unene sawa, kila moja imekatwa kwa nyuzi 45 kutoka kwenye mhimili wake, la pili likiwa limezungushwa nyuzi 90 kisha likabandikwa kwenye la kwanza.

Soma kinachotokea hatua kwa hatua. Katika bamba la kwanza, mwale unaotetema wima ni wa kawaida na unanyooka. Unaotetema mlalo si wa kawaida na unasogezwa kando. Katika bamba la pili vyeo vinabadilishana. Uliokuwa wa kawaida sasa si wa kawaida, unasogezwa kwa upande wa wima; mwenzake sasa unanyooka. Kila mmoja umesogezwa mara moja, kila mmoja umetangulia mara moja na kuchelewa mara moja. Inatoka ikiwa sambamba, imeachana kwa milimita 1.54 hivi kama kila bamba lina milimita 10, na, kwa mwanga ulioingia wima, haina tofauti yoyote ya njia.

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili atalitambua umbo hili. Mshororo wa shairi la jadi una mizani 16, umekatwa vipande viwili vya mizani 8, ukwapi na utao, kila kimoja na kina chake. Usawa wa vipande si pambo. Ndio unaoliwezesha sikio kupima kilichobadilika kutoka kipande cha kwanza hadi cha pili. Mshairi goigoi hutunga ukwapi wenye habari na utao wa kujazia mizani, na hesabu inatimia bila chochote kutokea. Hodari huupa utao kazi ya kuugeuza ukwapi, kama bamba la pili linavyogeuza vyeo vya miale. Na kama ilivyo kwa mshororo wenye guni, hitilafu ya urefu haijifichi. Bamba moja likizidi jingine kwa milimita 0.01 tu, mwanga wa kijani ulioingia wima unatoka na tofauti ya zaidi ya wimbi moja na nusu, na mstari wa katikati unahama mahali pake. Ulinganisho una mpaka: kipande cha mshororo kinaweza kusimama peke yake na kukumbukwa, ilhali mwale mmoja wa Savart ukiwa peke yake haubebi chochote zaidi ya mwangaza.

Kwa nini basi ujenge kitu kinachofuta tofauti kwa gharama hiyo yote? Kwa sababu inafutika katikati tu. Mwanga ukiingia kwa mshazari, tofauti inarudi, na inakua kwa utaratibu: ni takriban milimita 1.54 mara saini ya pembe. Kwa nyuzi 1 inafika maikromita 27, sawa na mawimbi 49 hivi ya mwanga wa kijani. Kwa nyuzi 3 inafika maikromita 80 hivi. Lenzi iliyo nyuma ya analaiza inaikusanya miale hiyo sambamba kwenye kihisi cha kamera, na kila safu ya kihisi inapokea tofauti yake ya njia. Picha ya ardhi inatokea ikiwa imechorwa milia myembamba, mikali katikati na inayofifia kuelekea kingo.

Hapo ndipo chombo kinapolitatua tatizo la weupe uliopauka. Kipande cha jiwe kwenye hadubini kilikuwa na ucheleweshaji mmoja kwa kila chembe, kwa hiyo jumla moja. Bamba la Savart linatoa mamia ya ucheleweshaji kwa mpigo, na mwendo wa ndege unafanya yaliyobaki. Fikiria chombo kikipita juu ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako tembe alilokaa Livingstone limehifadhiwa kama makumbusho. Mti mmoja wa miombo unaingia ukingoni mwa picha, unavuka mlia baada ya mlia, unatokea upande wa pili. Katika kila picha umepimwa kwa tofauti nyingine ya njia. Zikusanye namba zote za mti huo na uzipange: una mfululizo wa kupanda na kushuka kwa mwangaza. Hesabu aliyoianzisha Joseph Fourier katika karne ya 19 inaufumua mfululizo huo kuwa spektra, yaani kiasi cha mwanga kwa kila urefu wa wimbi.

Spektra hiyo ina la kusema katika nchi hii. Klorofili inameza mwanga mwekundu wa karibu nanomita 680, kisha kufikia nanomita 750 jani linarudisha mwanga kwa wingi. Mteremko kati ya namba hizo huhama jani likiteseka kabla jicho halijaona kasoro. Miombo, wakati wa kiangazi cha mwisho kabla ya mvua, hutoa majani mapya mekundu ya shaba, ambayo kwa kamera ya rangi tatu yanaweza kufanana na majani yanayokufa. Tumbaku ya Tabora inakaushwa kwa kuni za misitu hiyo hiyo, kwa hiyo kujua kipi kimekufa na kipi kinachipua si anasa ya maabara.

Kasoro

Fani nzuri haisamehewi kasoro zake. Ya kwanza ni ubahili. Polaraiza inatupa nusu ya mwanga wa asili, na analaiza, kwa wastani, nusu ya uliobaki. Robo tu inafika. Watetezi wanajibu kwamba chombo hiki hakihitaji ule mwanya mwembamba ambao spektromita za kawaida hulazimika kuutumia, kwa hiyo kinapokea mwanga mwingi zaidi mlangoni. Jibu ni la haki, lakini halifuti hasara.

Ya pili ni upeo. Uwezo wa kutofautisha rangi zilizo jirani unategemea tofauti kubwa kabisa ya njia, na kwa mfano wetu wa maikromita 80 unapata nanomita 4 hivi kwa mwanga wa kijani. Inatosha kwa majani na udongo. Haitoshi kwa mistari myembamba ya gesi. Mashine ya mwingiliano wa mwanga ya Michelson, yenye kioo kinachosogezwa, inafika mbali zaidi, ila kioo hicho kinachosogea hakipendi mtikisiko wa ndege. Miale ya Savart, kwa kuwa inapita katika mawe yale yale karibu karibu, hutikisika pamoja, na tofauti yake haiguswi sana. Hapa udhaifu na uimara vina mzizi mmoja: miale haijaachana mbali.

Ya tatu imo ndani ya jiwe lenyewe. Kalsaiti ni laini, inapasuka kwa urahisi, na vipande vikubwa visivyo na dosari ni adimu. Tena ina tabia ya ajabu: ikipata joto hutanuka kwa upande wa mhimili wake na kunywea kidogo kwa upande unaoukingama. Bandika bamba mbili zilizokingamana, na kila joto linapobadilika, upande ambao moja linataka kutanuka ndio ambao jingine linataka kunywea. Gundi inabeba ugomvi huo.

Ya nne ni pembe pana: ukitoka mbali na katikati, milia huacha kunyooka. Maurice Françon wa Ufaransa alitoa marekebisho ninayoyaona kuwa ya kistadi. Badala ya kulizungusha bamba la pili, aliweka katikati ya mawe mawili bamba jembamba linaloigeuza mitetemo yenyewe kwa nyuzi 90. Vyeo vinabadilishana bila mawe kukingamana, na uga wa kutazama unapanuka. Ni mfano wa mrekebishaji aliyeelewa kwamba kiini cha fani ni kule kubadilishana vyeo, wala si msimamo wa mawe.

Hukumu

Nikipima, fani hii ni ya kiwango cha juu kwa sababu hakuna sehemu yake inayoweza kuondolewa. Ondoa polaraiza, mashahidi wanakosa chanzo kimoja. Ondoa bamba la pili, tofauti ya njia inakuwa kubwa hata katikati na milia inapotea kwenye mwanga mweupe. Ondoa analaiza, yote yaliyofanyika yanabaki bila msomaji. Ni tungo chache za maneno zinazovumilia jaribio hilo la kuondoa kipande kimoja kimoja, na nawashauri wahakiki walitumie mara nyingi kuliko jedwali.

Kuhusu ubahili wa mwanga, suluhisho bora lipo katika kichujio kile kile kinachorukwa. Badala ya analaiza inayotupa nusu, weka prizimu ya kalsaiti ya aina iliyobuniwa na Mwingereza William Hyde Wollaston. Hiyo haitupi, inatoa picha mbili kandokando. Penye mlia mwangavu katika picha moja, pana mlia wa giza katika nyingine. Zijumlishe, milia inafutana na unapata picha safi ya ardhi: mji, reli, mashamba, msitu. Zitoe moja kwa nyingine, ardhi inafutika na milia inabaki peke yake, ikiwa na nguvu maradufu, tayari kwa hesabu ya spektra. Jumla inakuambia kitu kiko wapi. Tofauti inakuambia kimeumbwa na nini. Uhakiki wetu wa fani na maudhui umekuwa hodari wa kujumlisha mafungu mawili kwenye ukurasa mmoja. Kutoa fungu moja kutoka kwa jingine, yaani kuuliza umbo linapingana wapi na kinachosemwa na kwa kiasi gani, ndiyo kazi iliyobaki, na inafundishika.